Mbio za kusaka vituo jijini Dodoma: yanayosemwa na yaliyo kweli

Yakitajwa mashindano ya timu ya kusaka vituo mjini, wengi hapa Dodoma hudhani ni marathoni iliyobadilishwa jina. Sivyo. Timu ya watu wachache, mara nyingi watatu au wanne, hupewa orodha ya vituo asubuhi ileile ya mashindano. Vingine vimetiwa alama kwenye ramani, vingine vimefichwa ndani ya vitendawili. Hakuna njia iliyochorwa. Timu hujiamulia ianzie wapi, iache nini na ipite wapi, mradi irudi kwenye meza ya waandaaji kabla muda haujaisha. Kufika kituoni huthibitishwa kwa mhuri, kwa picha ya timu nzima, au kwa jibu ambalo mtu hawezi kulipata mpaka asimame pale pale. Magari binafsi ni marufuku. Ni miguu, na kanuni zikiruhusu, daladala.

Mchezo huu una ndugu zake wa porini. Rogaining, yaani kusaka vituo kwa ramani na dira ndani ya muda uliowekwa, ilianza Australia mwaka 1976. Mwaka 1989 Mfaransa Gérard Fusil aliandaa kule New Zealand mashindano ya Raid Gauloises, ambako timu zilipita milimani na mitoni kwa siku kadhaa. Ya mjini yanafuata mantiki hiyohiyo, ila badala ya mto kuna barabara ya Singida na badala ya bonde kuna soko la Majengo.

Naupenda mchezo huu, na naamini mji wetu unaufaa kuliko miji mingi. Kinachoniuma ni kuona watu ambao wangeufurahia wakibaki nyumbani kwa sababu ya maneno yasiyo na ukweli.

Dhana: "Huo ni mchezo wa wenye mbio"

Hili ndilo linalofukuza watu wengi, na ndilo lisilo na msingi kabisa.

Kwanza, timu haitengani. Katika rogaining kanuni inawataka wanatimu wawe karibu kiasi cha kusikiana bila chombo chochote, mita 20 hivi. Za mjini huweka sharti kama hilo, ndiyo maana picha ya kituoni lazima ionyeshe nyuso zote. Kwa hiyo kasi ya timu ni kasi ya aliye nyuma. Kijana anayetangulia na kusubiri kwenye kona hajaokoa hata dakika moja. Amejichosha tu, na amemfanya mwenzake aliye nyuma ajione mzigo.

Pili, piga hesabu. Mtu anayekimbia kilomita 10 kwa saa akikosea njia kwa dakika sita, amekwenda kilomita nzima kusikotakiwa, na anahitaji dakika nyingine sita kurudi alipokosea. Dakika 12 zimekwenda, na nguvu pia. Mwenye mwendo wa kawaida akisimama dakika mbili kusoma ramani vizuri, amepoteza mwendo usiofika mita 200. Timu inayotembea kwa uhakika huipita inayokimbia kwa kubahatisha, na hilo huonekana wazi baada ya saa mbili za kwanza.

Tatu, vituo havina thamani sawa. Tuseme kilichoko juu ya jabali la Lion Rock kina pointi 50, na vitatu vya katikati ya mji vina pointi 20 kila kimoja. Anayependa sifa atauparamia mlima. Nahodha mwenye busara atauliza: kupanda na kushuka kutatula muda gani, jua litakuwa wapi wakati huo, na je, vile vitatu viko njiani tunakoelekea? Mara nyingi jibu ni kuuacha mlima. Kuacha kituo si kushindwa. Waandaaji wengi hukata pointi kwa kila dakika ya kuchelewa kurudi, na timu iliyong'ang'ania kituo kimoja cha mwisho huweza kupoteza zaidi ya ilichokifuata.

Timu nzuri ni ile yenye watu tofauti: mmoja ashike ramani, mmoja ashike saa, mmoja awe mpenzi wa mafumbo, na mmoja ajue kuongea na watu. Mama wa miaka 50 aliyekulia Chang'ombe, akiwa na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na fundi bodaboda wa Nkuhungu, ni timu ya kuogopwa.

Dhana: "Simu ina ramani, inatosha"

Waandaaji wengi hukataza kutumia simu kutafuta njia. Inaruhusiwa kwa picha na dharura tu. Lakini hata inaporuhusiwa, kuitegemea peke yake ni hatari. Kioo hakisomeki vizuri kwenye jua la saa saba, na chaji huisha pale mnapohitaji picha ya mwisho.

Kubwa zaidi ni kwamba mji unakua kwa kasi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 hapa Dodoma mjini. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Mitaa ya Nzuguni, Ilazo na Kisasa inaongezeka, na uchochoro uliokuwa wazi juzi leo una ukuta. Kwenye hili vibao vya anwani za makazi, vilivyosambazwa kwa wingi mwaka 2022, vimetusaidia sana: ukifika kwenye nguzo yenye jina la barabara, unajua uko wapi bila kuwasha simu. Timu nyingi huzipita nguzo hizo bila kuzisoma, nami hushangaa kila ninapoona hivyo.

Ramani pia haikwambii kwamba mstari mnyoofu si lazima uwe njia fupi. Reli ya kati inapita mjini, na huivuki popote unapotaka. Uwanja wa ndege nao uko mjini kabisa, na hakuna anayeukatiza; unazungukwa. Vituo viwili vinavyoonekana jirani kwenye karatasi vinaweza kuwa mwendo mrefu kwa miguu kwa sababu tu kuna uzio katikati. Kabla ya kutoka mahali pa kuanzia, chora kwa kalamu nyekundu sehemu zisizopitika, kisha ndipo upange mfuatano wa vituo. Kazi hiyo ya dakika kumi ndiyo bora kuliko zote za siku nzima.

Na ukipotea uelekeo, tazama kivuli chako. Dodoma iko kama nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, hivyo mwezi Julai jua la mchana liko kaskazini mwetu. Kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana kivuli chako kinaelekea kusini, na urefu wake ni karibu nusu ya kimo chako. Simama, geukia kinakoelekea, igeuze ramani mpaka kusini yake ilale upande huo, na mitaa yote inakaa mahali pake. Mwezi Desemba mambo hugeuka: jua la mchana liko kusini na kivuli kinakwenda kaskazini.

Dhana: "Kuuliza watu ni kudanganya"

Si kudanganya, isipokuwa kanuni za siku hiyo ziseme hivyo. Kwenye mashindano mengi ya mjini kuuliza wapita njia ni sehemu ya mchezo, na timu isiyojua kuuliza hukwama mapema.

Ila kuna namna. Kuna vijana hufika kijiweni wakihema, wananyoosha simu na kusema, "Hapa ni wapi?" Wanajibiwa kwa mkato, au wanaelekezwa ovyo. Hatua inayofupisha safari ni ya kusalimia. Wazee wawili wamekaa kwenye benchi nje ya duka, mmoja ana redio ndogo mapajani. Unapunguza mwendo ukiwa bado hatua chache. "Shikamooni wazee wetu." "Marahaba, mnakimbilia wapi?" Kama unajua kumwambia Mgogo "Mbukwenyi", iseme, uso hufunguka papo hapo. Kisha usisome kitendawili chote. Toa neno moja: "Tunatafuta palipokuwa na ofisi za CDA," yaani iliyokuwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Mmoja ataanza kueleza, mwenzake atamsahihisha, na kwenye kusahihishana huko ndiko lilipo jibu lenu.

Wenyeji huelekeza kwa vitu na kwa historia kuliko kwa majina ya barabara: mbuyu, msikiti, mashine ya kusaga, "pale ilipokuwa stendi". Anayetunga vituo anajua hivyo na huvitumia. Kwa hiyo aliyeishi hapa miaka mingi ana utajiri ambao hakuna programu ya simu inayoufikia.

Waendesha bodaboda wanaujua mji kuliko wote, na watakuelekeza vizuri ukiwaambia tangu mwanzo kwamba hamruhusiwi kupanda.

Dhana: "Dodoma hakuna cha kusaka"

Hapa siwezi kuandika kwa utulivu. Mji huu una tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka ni kitendawili kinachosubiri mtungaji.

Chukua kidokezo chepesi: "Nilipofika nilikuta mkoloni Mjerumani, mdogo wangu alipofika alikuta serikali imeshahamia." Ni stesheni. Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na treni ya reli ya kisasa (SGR) kutoka Dar es Salaam ikaanza kuleta abiria mwaka 2024. Timu inayosoma neno "stesheni" na kukimbilia ya kwanza inayoijia kichwani inaweza kujikuta upande usio wenyewe wa mji. Au hiki: "Nilizaliwa mwaka uliopitishwa uamuzi wa kuhama, nikafa mji ukiwa bado haujaitwa jiji." Ni CDA, ile mamlaka iliyoundwa 1973 na kuvunjwa 2017. Hadhi ya jiji ilitangazwa tarehe 26 Aprili 2018. Msikiti wa Gaddafi, uliojengwa kwa msaada wa Libya na kufunguliwa 2010, unaweza kufichwa kwa maneno "zawadi kutoka nchi ya jangwa". Uwanja wa Nyerere, makanisa makuu, uwanja wa Jamhuri, mibuyu iliyoachwa imesimama katikati ya viwanja: vyote hivyo ni vituo tayari.

Na kuna jambo ambalo wachache wanalijua. Mpango mkuu wa makao makuu wa mwaka 1976, uliotayarishwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, uliwapa kipaumbele watembea kwa miguu na mabasi, si magari binafsi. Si kila kilichochorwa kilijengwa. Hata hivyo, anayeuvuka mji huu kwa miguu siku nzima anautumia kama ulivyokusudiwa.

Dhana: "Kunywa maji mengi kadiri uwezavyo kabla ya kuanza"

Ushauri huu hutolewa kwa nia njema, lakini unaweza kuumiza. Ni kweli mji wetu ni mkavu. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na upepo hukausha jasho kabla hujalihisi. Unagundua baadaye kwa chumvi nyeupe kwenye fulana. Lakini kwenye jasho hupotea maji pamoja na chumvi. Anayejaza tumbo maji matupu kwa saa nyingi huizimua chumvi ya damu, na dalili zake, yaani kichwa kuuma, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, hufanana na za kuzidiwa na jua. Wenzake wakidhani ana kiu wakamwongezea maji, hali inakuwa mbaya zaidi.

Kunywa unapohisi kiu, kidogo kidogo. Kula vitu vyenye chumvi njiani, karanga zilizotiwa chumvi kwa mfano, na beba pakiti ya ORS ya kuchanganya kwenye lita moja ya maji safi. Mwenzenu akianza kuongea visivyoeleweka, mchezo umeisha: kivulini, mmwagieni maji mwilini, mpepeeni, na mpelekeni hospitali.

Kuhusu viatu, soli nyembamba za kukimbilia barabarani hazifai hapa. Ukitoka tu kwenye lami kuna mbigili na miiba ya migunga, nayo hupenya.

Dhana: "Daladala ni njia ya wavivu"

Pale inaporuhusiwa, kujua lini upande ni ujuzi. Daladala husubiri ijae. Mkiikuta imebakiza nafasi tatu nanyi ni watatu, pandeni. Ikiwa tupu, na kituo mnachokisaka kiko kilomita moja tu mbele, tembeeni.

Dhana: "Bila mfadhili mkubwa hayaandaliki"

Mashindano ya kwanza ya mtaa au chuo yanahitaji karatasi, mihuri, watu wachache wa kukaa vituoni, sanduku la huduma ya kwanza na nambari moja ya simu ya dharura. Yanahitaji pia ruhusa, na hapa msifanye haraka: ofisi ya jiji, polisi, na watendaji wa mitaa ambako timu zitapita, ili watu waliovaa fulana za kufanana wakichungulia kuta za nyumba wasizue taharuki. Msiweke kituo karibu na kambi za jeshi, na msiwaelekeze watu kupiga picha Ikulu ya Chamwino wala kwenye maeneo mengine ya ulinzi. Kituo kilicho kwenye nyumba ya ibada kiwe nje, jibu lisomeke kutoka barabarani, na wenye nyumba wawe wamearifiwa.

Wiki moja kabla, mpeni orodha mtu ambaye hakushiriki kuitunga, ikiwezekana mgeni wa mji, aizunguke yote kwa miguu. Kidokezo atakachoshindwa kukifumbua akiwa amesimama pale pale kituoni, kifuteni.