Liquid Tension Experiment: usianzie albamu ya kwanza

Mwanafunzi wangu wa gitaa akitaka kuonja progresivu roki (roki ya vibao virefu vyenye midundo inayobadilikabadilika) ya ala tupu, isiyo na mwimbaji, huwa namwelekeza kwa Liquid Tension Experiment ya Marekani. Albamu zao za studio ni tatu tu, wikiendi moja unazimaliza. Lakini kubwa zaidi ni kwamba kazi zao nyingi nzuri zimezaliwa na dharura, na ukitega sikio unaisikia.

Bendi ilianza mwaka 1997, lebo ya Magna Carta ilipomtaka mkung'uta dramu Mike Portnoy akusanye mafundi wenzake. Akamchukua John Petrucci, mcharaza gitaa wa bendi yake ya Dream Theater, na Jordan Rudess kwenye kinanda. Kwenye besi akaja Tony Levin, ambaye wengi wamemsikia kwenye nyimbo za mwimbaji wa Uingereza Peter Gabriel bila kumjua jina. Levin hupiga pia Chapman Stick, ubao mrefu wenye nyuzi kumi au zaidi zinazogongwa kwa vidole vya mikono yote miwili. Mkono mmoja unashika besi, mwingine unapiga melodi. Kuna mahali utadhani wako watano.

Anza na albamu ya pili, ya mwaka 1999, na uende moja kwa moja kwenye "When the Water Breaks", kibao cha karibu dakika 17. Wakiwa katikati ya kazi, mke wa Petrucci alishikwa na uchungu, chupa ikapasuka, bwana akaliacha gitaa na kuondoka. Jina la kibao limetoka hapo. Waliobaki hawakufunga studio, wakaendelea kupiga watatu papo kwa papo huku mitambo ikirekodi. "914" imebaki hivyohivyo, bila gitaa. "Chewbacca" na "Liquid Dreams" zilitokana na mapigo hayohayo, Petrucci akaja kuweka gitaa lake juu baadaye. Mengine yalitoka mwaka 2007 kwa jina la Liquid Trio Experiment, albamu ya "Spontaneous Combustion".

Sasa sikiliza "914", kisha "Chewbacca", moja baada ya nyingine. Kwenye "914" nafasi ni nyingi, na besi ya Levin inatembea bila kusukumwa na mtu. Kwenye "Chewbacca" msikilize Petrucci: dramu zilishaamua wapi papande na wapi patulie, kwa hiyo yeye hana budi kufuata. Kwa mpiga gitaa aliyezoea kuongoza, hilo ni somo zito kuliko kasi ya vidole.

Ukitoka hapo ndipo urudi kwenye ya kwanza, ya mwaka 1998. "Three Minute Warning" ina zaidi ya dakika 28, imegawanywa vipande kuanzia namba 9 hadi 13 kwenye diski, na wenyewe waliweka onyo kwamba asiye na subira azime baada ya namba 8. Sikulaumu ukizima. Mzoefu wa sebene hatishwi na urefu, ila sebene ina mdundo wa kukushika kiuno. Hawa wanakunyang'anya mdundo kila unapouzoea. Kama umechoka na mbio, "State of Grace" ni gitaa na kinanda tu, taratibu kabisa.

Dharura haikuwaacha hata jukwaani. Mwaka 2008 huko Chicago kinanda cha Rudess kiligoma katikati ya onyesho, wenzake wakaendelea kubuni hapohapo. Rekodi ya onyesho hilo inaitwa "When the Keyboard Breaks".

Albamu ya tatu ilikuja mwaka 2021, miaka 22 baada ya ya pili. Waliirekodi mwaka 2020, Corona ikiwa imesimamisha maonyesho, na iliwakutanisha tena Portnoy, aliyekuwa ameondoka Dream Theater mwaka 2010, na wenzake wa zamani. Sauti ni safi kuliko zote. "Hypersonic" kwangu ni sarakasi, inashangaza mara mbili kisha basi. "Rhapsody in Blue" ya mtunzi wa Marekani George Gershwin, ya mwaka 1924, ndiyo ninayoirudia: walishaipiga jukwaani kwenye ziara ya 2008, na inasikika imekomaa. Ukikuta toleo lenye diski ya ziada, chukua hilo; humo kuna zaidi ya saa nzima ya mapigo ya papo kwa papo.