KV ya mota: namba inayoamua boti ya rimoti ikimbie au iungue

Mota ya umeme ya boti ya rimoti huandikwa namba mbili ubavuni. Tuchukue mfano wa 3674 na 2000KV. Namba ya kwanza ni umbo tu: kipenyo cha milimita 36, urefu wa milimita 74. Yaani ni nene kidogo kuliko betri kubwa ya tochi, na ndefu zaidi yake. Namba ya pili ndiyo inayowachanganya watu. Pesa nyingi zimeteketea kwa sababu yake, zangu zikiwemo.

KV hapa si kilovolti, na wala si kipimo cha nguvu. Inakwambia kitu kimoja: kwa kila volti unayoipa mota ikiwa haina mzigo, itazunguka mara ngapi kwa dakika. Mota ya 2000KV ukiipa volti 1 itazunguka mara 2,000 kwa dakika. Ukiipa volti 10, mara 20,000. Hiyo K ni herufi ya wahandisi kwa namba isiyobadilika.

Sasa ilete betri. Seli moja ya lipo, betri ya lithiamu, huhesabiwa kuwa na volti 3.7, na ikijaa chaji hufika 4.2. Betri inayoitwa 4S ina seli nne zilizofuatana, kwa hiyo ni volti 14.8. Zidisha kwa 2000 unapata mizunguko 29,600 kwa dakika. Mota ikishafungwa propela na kuingia majini haitafika hapo, kwa sababu maji yanaivuta nyuma, lakini ndiyo namba ya kuanzia hesabu zote.

Hapa ndipo kosa linapozaliwa. Mtu anaona 3500KV anasema hii ndiyo kali, anaona 1500KV anasema hii goigoi. Zifungue mota mbili za umbo moja kutoka kiwanda kimoja uone kilichomo: sumaku zilezile, beringi zilezile, bodi lilelile. Kinachotofautiana ni shaba. Yenye KV kubwa imesukwa kwa waya mnene uliozungushwa mara chache. Yenye KV ndogo imesukwa kwa waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Nguvu zinazoweza kupita humo bila kuungua ni karibu sawa, kwa kuwa kinachoweka mpaka ni joto, na joto linategemea ukubwa wa mota na namna inavyopozwa.

Kwa hiyo KV ifikirie kama gia ya baiskeli. Gia haiongezi misuli ya miguu yako, inachagua tu misuli hiyo itumike kwa kasi au kwa kusukuma. Kwa kila ampea moja, mota ya 1500KV inasokota shafti kwa nguvu mara mbili ya mota ya 3000KV. Ukizifunga propela moja kubwa, ile ya 3000KV italazimika kunywa ampea nyingi zaidi ili isokote vilevile, na ampea ndizo zinazogeuka kuwa joto.

Nililijua hilo kwa njia ngumu. Boti yangu ya kwanza ya betri ilikuwa na urefu wa sentimita 70 hivi. Niliifunga mota ya 3500KV, betri ya 3S na propela ya milimita 40, kwa sababu niliambiwa propela kubwa ndiyo inayokata maji. Dakika ya kwanza ilikwenda kama mshale. Dakika ya pili ikaanza kuzubaa kwenye kona. Nilipoifikisha ufukoni na kufungua kifuniko, ilinijia harufu ya vanishi ya waya iliyoungua, ile inayobaki puani mpaka jioni. Lehemu kwenye plagi ya betri ilikuwa imeyeyuka na waya mmoja umeanguka kando. Mota ilizunguka tena baadaye, lakini haikurudi kuwa ile ya mwanzo. Sumaku za neodimiamu za daraja la kawaida huanza kupoteza nguvu zikivuka nyuzi joto 80 hivi, na nguvu hiyo hairudi kwa kupoa.

Wa kulaumiwa pale ni mimi, maana nilichagua mota kabla ya kuifikiria propela.

Kwenye boti za mashindano, propela husomwa kama mota inavyosomwa. Iliyoandikwa X440, katika mfululizo wa kampuni ya Octura, ina kipenyo cha milimita 40, na hiyo 4 ya kwanza inasimamia 1.4: katika mzunguko mmoja, kama maji yangekuwa mbao na propela skrubu, ingesogea mbele mara 1.4 ya kipenyo chake. Mara 1.4 ya 40 ni milimita 56. Zidisha kwa mizunguko 29,600 unapata kama mita 1,658 kwa dakika, karibu kilomita 99 kwa saa. Usikimbilie kuwatangazia wenzako. Mota chini ya mzigo hupunguza mizunguko, na maji si mbao, propela huteleza. Ukipoteza huku na huku unaweza kubaki na kilomita 65 au 70 kwa saa, na hiyo kwa boti ya urefu wa mkono ni mwendo wa kutisha.

Kipengele kinachofuata naomba ukisome mara mbili. Mzigo ambao propela inaubebesha mota haupandi taratibu. Unapanda kwa mchemraba wa mizunguko: mizunguko ikiongezeka kwa asilimia 10, nguvu inayotakiwa inaongezeka kwa theluthi moja. Kwa kipenyo hali ni kali zaidi, kwa sababu nguvu inapanda kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara tano. Toka propela ya milimita 40 uende ya 42, zenye umbo lilelile, na mzigo utapanda kwa karibu asilimia 28. Milimita mbili ni unene wa njiti ya kiberiti. Kwa jicho huoni tofauti, lakini mota inaiona.

Ndiyo maana siku hizi huanzia hesabu shetri, si dukani. Naitazama kwanza boti yenyewe. Mono, ile ya chini kama herufi V, inalaza mwili mwingi majini na inataka msokoto. Katamarani inapanda juu ya hewa inayopita kati ya miguu yake miwili. Haidroplani ikishashika kasi inagusa maji sehemu tatu ndogo tu, na propela yake inafanya kazi nusu ndani ya maji, nusu nje, ikirusha ule mkia mrefu wa maji nyuma. Boti nyepesi inayogusa maji kidogo inavumilia mizunguko mingi kuliko mono nzito.

Nikishajua propela inayolifaa bodi lile, naamua mizunguko. Kwa boti ya sentimita 70 hadi 90 ya kujifunzia mbio, mimi hubaki kati ya 25,000 na 32,000 bila mzigo. Waliobobea wanapita hapo, ila wana propela zilizonolewa na kusawazishwa kwa mkono, na wanajua mbio zao ni fupi. Halafu nagawanya kwa volti za betri. Nikitaka 30,000 kwa betri ya 4S, 30,000 kugawa kwa 14.8 ni kama 2027, basi natafuta mota ya 2000KV. Nikiwa na 6S, yenye volti 22.2, jibu ni kama 1350KV. KV imekuja mwisho, na imejileta yenyewe.

Wengine watauliza: kama mizunguko ni ileile, 4S na 6S zina tofauti gani? Tofauti iko kwenye waya. Wati 1,500 kwa volti 14.8 ni ampea 101. Wati hizohizo kwa volti 22.2 ni ampea 68. Joto kwenye waya, kwenye plagi na kwenye ESC, kile kidhibiti cha mwendo, linafuata ampea zilizozidishwa zenyewe, kwa hiyo 4S inazipa nyaya zilezile joto la mara mbili na robo. Boti ikiwa na nafasi na inaweza kubeba uzito, volti nyingi na KV ndogo ni chaguo la mtu anayetaka mota idumu. Kwenye mashindano uhuru huo hupungua. Marekani, kwa mfano, chama cha boti za modeli kiitwacho NAMBA hugawa madaraja ya boti za umeme kwa volti za betri, hivyo seli umeshachaguliwa na kanuni, kazi yako ni kutafuta KV na propela.

Ukubwa wa mota ni suala la peke yake, na halihitaji maneno mengi: mota nzito inameza joto zaidi kabla ya kudhurika. Milimita 36 kwa 60 na ushee inatosha boti ya sentimita 60 au 70, na boti inayokaribia mita moja inahitaji kipenyo cha 40 au zaidi. Soma pia kikomo cha mizunguko kilichoandikwa na kiwanda. Ukivuka, sumaku zinaweza kung'oka kwenye rota, sehemu ya ndani inayozunguka, na kukwama ndani. Na usiivute mota kwa nguvu zote boti ikiwa nchi kavu. Bila maji ya kuizuia na kuipoza, inapaa hadi mwisho wake.

Injini za mafuta hazina KV, lakini zina ndugu yake. Nyingi ni za mipigo miwili, ukoo mmoja na zile pikipiki za zamani za kuchanganya petroli na oili. Huko watu huhesabu ujazo wa silinda. Katika mbio ziitwazo FSR-V za NAVIGA, shirikisho la boti za modeli, madaraja ni 3.5, 7.5 na 15, namba ambazo ni sentimita za ujazo, pamoja na lile la 27 la injini za petroli. Ndogo zinatumia methanoli, oili na nitromethani, na hazihitaji cheche: ndani ya plagi kuna waya mwembamba wenye platini unaobaki mwekundu kwa joto la mwako uliopita na kwa methanoli inayoungua juu yake. Zile za petroli, kama za kampuni ya Zenoah, zimetoka kwenye ukoo wa mashine za kufyekea majani, zikavalishwa silinda yenye njia ya maji.

Ndugu ya KV kwenye injini hizi ni urefu wa bomba la moshi. Moshi ukitoka, wimbi lake hugonga mwisho wa bomba na kurudi. Likirudi kwa wakati wake, linausukuma ndani ya silinda mchanganyiko uliokuwa unatoroka, na injini inapata nguvu za ziada. Bomba fupi, wimbi linarudi haraka, kilele cha nguvu kinakuja kwenye mizunguko mingi. Bomba refu, kilele kinashuka. Mwenye boti ya mafuta akisogeza bomba milimita chache anafanya kazi ileile ambayo sisi wa betri tunaifanya tunapotoka 2200KV kwenda 2000KV. Yeye anaifanya kwa bisibisi tu, na hapo namwonea wivu. Lakini mafuta yake yana tabu: kwa kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika 2021, mtu wa kawaida haruhusiwi kununua mchanganyiko wenye nitromethani zaidi ya asilimia 16 bila kibali, kwa kuwa kemikali hiyo inaweza kutengenezewa vilipuzi. Petroli unaipata kituo chochote. Kwa anayeanza, na hasa anayeishi karibu na nyumba za watu, mimi nashauri umeme bila kusita, kwa sababu kelele ya injini ndogo inasikika mbali na huwakera majirani haraka.

Kwetu wa pwani, liongeze hili kwenye hesabu: chumvi. Maji yanayopoza mota yanapita kwenye koti lake la nje, lakini matone huingia ndani ya boti bila hodi, na beringi za chuma hushika kutu mapema sana. Suuza kwa maji matamu, kausha, tia tone la oili kwenye beringi zote mbili, na shafti ipakwe grisi upya kabla ya kuiweka boti kabatini.

Mota mpya naijaribu hivi. Nachagua propela ndogo kuliko niliyoikusudia, kwa mfano ya milimita 38. Naiendesha boti kwa dakika moja kamili, saa mkononi, halafu nairudisha. Nafungua kifuniko na kuweka kidole kwenye mota, kwenye ESC, na kwenye plagi za betri. Kidole kikishindwa kutulia kwa sekunde tatu, joto ni kama nyuzi 60 au zaidi, na siongezi kitu chochote siku hiyo. Kisha narudisha betri kwenye chaja na kusoma imerudishiwa kiasi gani. Tuseme imepokea miliampea-saa 1,500 kwa dakika ile moja. Zidisha kwa 60, gawa kwa 1,000: wastani ni ampea 90. Kama ESC yangu ni ya 120, nina nafasi ya kupanda hadi propela ya 40. Kama ni ya 90, nabaki na 38 au nashuka. Propela inagharimu sehemu ndogo tu ya bei ya mota, kwa hiyo hiyo ndiyo ninayobadilisha kwanza. Za shaba yenye beriliamu nazipiga msasa zikiwa ndani ya maji, kwa sababu vumbi lake ni sumu kwa mapafu.