Kulala Melini Hakukuondolei Viza

"Mimi nalala melini, hotelini silali. Viza ya nini sasa?"

Nimeandikiwa hivyo tena wiki hii, na aliyeandika ameshalipa nauli yote ya safari ya karibu miezi minne. Amechagua chumba chenye roshani, amelipia vinywaji, ameuliza mara mbili kuhusu mavazi ya usiku wa karamu. Pasipoti hajaifungua kuona imebakiza kurasa ngapi. Kazi yangu ni kupanga na kuuza safari ndefu za meli, na hakuna dhana inayonikera kama hii. Makosa mengine humharibia mtu siku moja ya starehe. Hili humwacha gatini na mabegi yake, meli ikiondoka.

Meli ikishafungwa kamba bandarini, imo ndani ya nchi. Bendera ya Bahama, Panama au Malta inayopepea kule nyuma inaonyesha meli imesajiliwa wapi, basi. Mamlaka ya nchi yenye pwani hufika hadi maili 12 za baharini kutoka ufukweni, na bandari iko ndani kabisa ya mpaka huo. Uliyelala chumbani umo ndani ya nchi ile sawasawa na aliyeshuka kupiga picha.

Nikieleza hayo, jibu linalofuata nalijua: "Basi bandari hiyo sitashuka." Afisa uhamiaji hafanyi kazi kwa kuangalia nani ameteremka ngazi. Anafanya kazi na orodha ya abiria, na mara nyingi anayo kabla meli haijafika. Marekani, kwa mfano, hutaka taarifa za meli na za waliomo saa 96 kabla haijaingia bandarini. Na wana sababu. Mtu anaweza kupatwa na shambulio la moyo saa nane za usiku, akashushwa kwa machela hadi kwenye gari la wagonjwa. Injini inaweza kufa, abiria wote wakateremshwa na kutafutiwa ndege za kurudi makwao. Ahadi ya kutoshuka haimo mikononi mwa abiria. Zipo bandari ambazo kubaki melini kunakubalika, lakini kampuni ya meli ndiyo huamua kama itakubeba kwa sharti hilo, na mara nyingi hukataa.

Hukataa kwa sababu ikimleta asiye na viza, mzigo unaiangukia yenyewe: faini, gharama za kumrudisha, na meli kucheleweshwa. Ndiyo maana atakayekuzuia si afisa wa bandari ya tano. Ni mfanyakazi wa kaunta, siku ya kwanza, mwenye ratiba nzima mbele yake, anayefungua pasipoti yako ukurasa kwa ukurasa. Ikipungua viza ya nchi moja tu, hupandi. Nauli nayo hairudi, kwa kuwa mkataba ulioukubali ulipolipa unasema hati za kusafiria ni jukumu la abiria. Bima nyingi za safari nazo hazilipi hasara inayotokana na kukosa viza.

Anayedhani natia chumvi akumbuke Barcelona, Aprili 2024. Meli ya utalii iliyotoka Brazili ilizuiwa pale kwa sababu abiria 69 kutoka Bolivia walikuwa na viza zisizo halali za Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Abiria wengine kama 1,500, ambao hati zao hazikuwa na kasoro, walikaa wakisubiri hadi wale 69 walipohamishiwa chombo kingine. Tangu hapo naona kaunta zinakagua kwa makini zaidi, na siwalaumu.

Dhana yenyewe haikuzuka hewani, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Ziko nchi zenye utaratibu maalumu kwa abiria wa meli. Uturuki humruhusu anayefika kwa meli ya utalii kutembelea mji wa bandari na maeneo ya jirani hadi saa 72 bila viza. China, tangu Mei 2024, huyapokea makundi ya watalii wanaofika kwa meli hadi siku 15 bila viza, mradi ziara yao imeandaliwa na wakala wa huko na wanaondoka na meli ileile. Sasa mtu aliyetembea Istanbul bila kuulizwa kitu anarudi na kuwatangazia jamaa zake kwamba melini viza hazihitajiki. Alichokiona ni kweli. Tatizo ni kwamba amekichukua kibali cha nchi moja akaivalisha dunia nzima.

Hata pale penye kibali, soma masharti. New Zealand na Australia ni majirani, lakini tazama. Anayefika New Zealand kwa meli ya utalii anaweza kuombewa kibali cha kielektroniki kiitwacho NZeTA, hata kama pasipoti yake kwa kawaida ni ya watu wa viza. Akienda kwa ndege ili aipandie meli kulekule, kibali hicho hakimfai tena. Lazima awe na viza ya mgeni. Ni mtu yuleyule na meli ileile, kilichobadilika ni mlango aliopitia. Australia yenyewe inataka kila abiria awe na viza halali, na meli ikitoka Sydney kuzunguka visiwa vya Pasifiki kisha ikarudi Sydney, viza hiyo iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Uturuki ni vivyo hivyo: saa 72 ni za anayefika kwa bahari. Anayeruka hadi Istanbul ili safari yake ianzie pale huyo ni msafiri wa ndege kama wengine.

Suala la kuingia mara ngapi ndilo linalowaangusha hata waliojitahidi. Chukua safari ya kawaida kabisa ya visiwa vya Ugiriki: Piraeus, Mykonos, Kuşadası, Patmos, Rodos, kisha Piraeus tena. Msomaji wa haraka anaona Ugiriki tupu. Kuşadası iko Uturuki. Meli ikitia nanga pale umetoka Schengen, na ikifika Patmos unaingia upya. Sasa fungua pasipoti utazame stika yako ya Schengen, mstari unaotaja idadi ya maingizo. Ukikuta 01, safari yako imeishia Kuşadası, na kaunta ya Piraeus italiona hilo kabla hujapanda. Unachotaka ni 02 au MULT. Balozi hutoa 01 kwa urahisi sana mtu asipoeleza, kwa sababu karani anayesoma fomu naye anaona Ugiriki tupu. Mwandikie barua fupi, ambatisha ratiba, piga mstari chini ya Kuşadası. Usimwachie aitafute.

Mabadiliko ya ramani nayo huwapita wengi. Kroatia iliingia Schengen tarehe 1 Januari 2023. Zamani bandari yake ya Dubrovnik ilikuwa nje, sasa imo ndani. Kotor, iliyo karibu yake, iko Montenegro na bado ni nje. Ushauri wa mtu aliyesafiri mwaka 2019 usiutumie hapa, hata akiwa mjomba wako.

Kuna swali moja ambalo vitabu hulipitia juu juu: uombe Schengen ubalozi gani? Kanuni ni nchi utakayokaa muda mrefu zaidi, na ikishindikana kuijua, nchi utakayoingilia kwanza. Kwa mtalii wa hoteli hilo ni jepesi. Kwa abiria wa meli anayegusa Hispania siku mbili, Italia siku tatu na Ugiriki siku tatu, siku za katikati ya bahari ni za nani? Nimewahi kupata majibu mawili tofauti kutoka dirisha moja la ubalozi. Nilichozoea ni kuhesabu siku za bandarini peke yake, kuzipanga kwenye jedwali, na zikilingana kwenda kwa nchi ya kuingilia. Mpaka sasa wamenikubalia, ila sitakuapia kwamba kila karani atakubali.

Sasa muda. Schengen haiombwi zaidi ya miezi 6 kabla ya kuingia. Tuseme meli inaondoka mwanzoni mwa Januari na kufika Ulaya mwishoni mwa Aprili. Mlango wa kuomba unafunguka mwishoni mwa Oktoba. Kwa kawaida uamuzi hutolewa ndani ya siku 15, lakini unaweza kuvutwa hadi 45. Kwa hiyo una wiki kama kumi, na katika wiki hizohizo pasipoti moja inatakiwa pia na balozi nyingine. Zaidi ya hapo, ziko viza ambazo huanza kuhesabika siku zinapotolewa na kufa baada ya miezi mitatu. Ukiichukua mapema inafia njiani; ukichelewa, meli imeshaondoka. Kazi halisi ya kupanga safari ndefu ni hii ya kupanga foleni ya balozi: zenye uhai mrefu na miadi ya mbali zitangulie, kama ya Marekani, na zenye uhai mfupi zije mwisho. Ikishakaa sawa karatasini ndipo uniulize habari za roshani.

Malipo yanaingilia hapo. Safari ndefu hudai nauli yote miezi mitatu au zaidi kabla ya kuondoka, wakati viza nyingine hazijatoka. Hilo sina dawa nalo. Naweza kukutafutia nauli ambayo amana yake hurudishwa, naweza kukuonyesha tarehe ambayo ukijitoa hasara bado ni ndogo, lakini kuna majuma kadhaa ambayo fedha yako imetangulia na jibu la ubalozi bado. Wakala anayekuambia majuma hayo hayapo anataka kamisheni.

Na mashaka mengine ninayo. Mwishoni mwa 2023 mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalipoanza, safari nyingi za kuzunguka dunia za mwaka 2024 ziliacha Suez zikapita kusini mwa Afrika. Abiria waliokuwa na viza zote wakajikuta na bandari mpya wasizoziombea, huku wengine tayari wako baharini. Mkataba unairuhusu kampuni kubadili njia. Kwa mwenye pasipoti inayopita karibu kila nchi bila viza, huo ulikuwa usumbufu. Kwa mwenye pasipoti inayodai viza karibu kila mahali, kipande kizima cha safari kilitiwa shakani. Ndiyo maana siku hizi mtu wa kundi la pili namshauri kwanza anunue sehemu ya safari, mwezi mmoja au mmoja na nusu katika ukanda mmoja, kabla ya kuitaka dunia nzima. Kampuni karibu zote huziuza safari hizi kwa vipande. Wapo wanaoniona nawakatisha tamaa, na huenda wengine wangefika salama. Bado nashauri hivyo.

Chumba nakimaliza haraka. Ukihofia kichefuchefu, chagua katikati ya meli na ghorofa za chini. Mbele na juu ndiko kunakoyumba zaidi. Kabla hujalipia roshani, tazama kwenye ramani ya meli kama mbele yake hakuna boti ya kuokolea. Ukisafiri peke yako, uliza nyongeza ya mtu mmoja, inaweza kukaribia nauli ya mtu wa pili. Na uliza meli inaelekea wapi: ikienda magharibi, saa zinarudishwa nyuma na unapata siku nyingi zenye saa 25, ikienda mashariki unanyang'anywa saa moja usiku baada ya usiku, na uchovu wake ni wa kweli. Nikiulizwa, nasema magharibi.

Mizigo vilevile. Pasi, birika la umeme na nyaya za soketi nyingi zenye kinga ya umeme huzuiwa kwa hofu ya moto, viache. Nguo chukua za siku kumi hivi, dobi wapo, na uzito utakaokubana ni wa ndege ya kukufikisha bandarini. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita baada ya siku ya mwisho ya safari. Cheti cha homa ya manjano huanza kufanya kazi siku 10 baada ya chanjo, na tangu Julai 2016 hudumu maisha, kwa hiyo cha zamani usikitupe.

Begi la mkononi ndilo la kuangalia kwa makini. Masanduku hupokelewa gatini na wapagazi na kukufikia chumbani baada ya saa kadhaa. Pasipoti, viza zilizochapishwa, cheti cha chanjo, bima, dawa za siku zote pamoja na karatasi ya daktari, vyote vikae begani mwako. Kila msimu kuna anayefika kaunta na kusema pasipoti iko kwenye sanduku la bluu, na sanduku la bluu limeshaingia tumboni mwa meli pamoja na maelfu ya mengine. Kulitafuta huchukua muda, na lango la kupandia lina saa yake ya kufungwa.

Ukitaka nikusaidie, usinitumie picha ya chumba ulichokipenda. Nitumie ratiba yenye kila bandari na tarehe yake, uraia wako, tarehe ya mwisho ya pasipoti, idadi ya kurasa tupu, na viza ulizonazo pamoja na idadi ya maingizo yaliyobaki. Nitumie kabla ya kulipa.