Postgres inasuasua? Acha kwanza kupandisha namba

Wengi wetu tukiona miamala ya Postgres, ile programu ya databesi, inasuasua tunafungua faili lake la seting, postgresql.conf, na kuanza kupandisha, kila namba inayoonekana ndogo inazidishwa mara kumi. Jamani hili tuliongee vizuri maana humo ndani kuna pesa za watu.

Dhana ninayoikuta kila mahali ni eti ukiweka max_connections, yaani kikomo cha konekshen, 1000 seva itabeba wateja wengi zaidi. Hapana. Kwenye Postgres kila konekshen ni prosesi yake kamili, na seva ya kore 4 haiwezi kuhudumia prosesi mia sita kwa wakati mmoja, zitapokezana tu na kugombania loku zilezile. Kuna mfumo wa mauzo niliitwa kuuangalia mwisho wa mwezi, watu wa kaunta wanalalamika risiti inakaa nusu dakika, wameshatoka kwenye ile 100 ya kawaida mpaka 800 na hali ndo imezidi. Nikachungulia pg_stat_activity, orodha ya konekshen na kila moja inafanya nini, safu ya state imejaa "idle in transaction", yaani muamala uko wazi lakini hakuna kinachofanyika, kuanzia juu mpaka chini. Kumbe programu inafungua muamala kwa BEGIN, inapunguza stoku, halafu inaita API ya malipo ya simu na kusubiri mteja aweke namba ya siri, ndo irudi kuukamilisha kwa COMMIT, na muda wote huo ule mstari wa stoku umefungwa, kaunta nyingine ikitaka kuuza bidhaa hiyohiyo inasubiri. Hakuna seting inayotibu hiyo! Tukaugawa muamala uwe miwili mifupi, mmoja kabla ya API na mwingine jibu likirudi, tukaweka PgBouncer mbele, programu inayofanya wateja wengi wapokezane konekshen chache, na konekshen 20 tu za kweli, na idle_in_transaction_session_timeout iwe mlinzi wa kukata konekshen inayoacha muamala wazi bila kazi. Foleni ikaisha siku ileile.

Work_mem nayo watu wanadhani ni memori ya seva nzima. Ni ya kila hatua kama ya kupanga data ndani ya kweri (ombi moja la data), kweri moja inaweza kuichukua mara tatu au nne. Piga hesabu: 256MB kwa konekshen 200, hata kila mmoja aitumie mara moja tu, ni 50GB na wewe una 16GB. Linux ikiua prosesi moja kwa kukosa ram, Postgres inakata konekshen zote na kujiwasha upya.

Shared_buffers, kashe ya Postgres yenyewe, anza na robo ya ram, ukivuka asilimia 40 mara nyingi huoni faida kwasababu Postgres inategemea pia kashe ya mfumo endeshi.

Sasa hii ndo inayoniuma. "Zima fsync, itakimbia." Fsync ndo inayohakikisha data imefika diskini kweli. Kukimbia itakimbia kweli, ila umeme ukikatika vibaya databesi nzima inaweza kuharibika, sio muamala mmoja. Ukitaka kasi ya COMMIT gusa synchronous_commit, inayoamua kama COMMIT isubiri diski. Ukiiweka off, seva ikianguka unaweza kupoteza miamala ya mwisho kabisa, kwa seting za kawaida ni ya sehemu ya sekunde tu, lakini data iliyobaki inakuwa nzima. Na sio lazima iwe kwa seva yote, andika SET LOCAL synchronous_commit TO off ndani ya muamala wa kurekodi nani kafungua ukurasa gani, malipo yaache yasubiri diski.

Kama kwenye logi unaona ujumbe kuwa checkpoint (pale Postgres inapomwaga mabadiliko kutoka memori kwenda kwenye mafaili ya data) zinatokea mara kwa mara mno, panua max_wal_size, kikomo cha WAL, ile logi ambayo mabadiliko yanaandikwa kwanza, ile 1GB inajaa haraka kwenye mfumo wenye maandishi mengi, na kila baada ya checkpoint ukurasa ukiguswa mara ya kwanza unaandikwa mzima kwenye WAL, 8kB hata kama umebadilisha herufi moja.

Na tafadhali usizime autovacuum, msafishaji wa mistari iliyokufa (matoleo ya zamani yaliyofutwa au kubadilishwa), eti inakula diski. Kwa seting ya kawaida inasubiri asilimia 20 ya jedwali ife, yaani jedwali la mistari milioni 10 linabeba mizoga milioni 2 kabla halijasafishwa. Kwa jedwali la miamala shusha autovacuum_vacuum_scale_factor iwe 0.02, kwa jedwali hilohilo tu kupitia ALTER TABLE, mengine yaache yalivyo.