Mtoto aliyepandikizwa ini: mbona anapimwa virusi na anacheza vizuri?

Mwanangu alipandikizwa ini India, kipande alitoa baba yake. Tumerudi Tukuyu, anakula, anacheza. Kwa nini kila mara tunaitwa Mbeya kutolewa damu?

Dawa inayozuia mwili usilikatae ini, mara nyingi takrolimasi, hudhoofisha pia kinga dhidi ya virusi. Vinavyofuatiliwa zaidi ni viwili: CMV (sitomegalovirusi) na EBV (virusi vya Epstein-Barr). Watu wazima wengi wanavyo mwilini bila kuugua, ila mtoto mdogo huenda hajawahi kukutana navyo, na anaweza kuvipata kupitia ini lenyewe la baba. Huyo ndiye wa kuangaliwa kwa karibu, hasa mwaka wa kwanza. Vinaweza kuongezeka kwenye damu huku mtoto bado anakimbiza kuku uani, ndiyo maana damu hupimwa wingi wa virusi hivyo.

Kumbe ni wingi wa virusi? Si kipimo cha VVU hicho?

Hapana, mama. Huku Nyanda za Juu Kusini neno hilo tumelizoea kwa VVU, lakini hapa vinatafutwa virusi vingine. Namba moja haisemi mengi. Daktari anaangalia kama inapanda kutoka kipimo hadi kipimo. Maabara nazo hutofautiana, hivyo ni vizuri kubaki na ileile.

CMV ina dawa yake, valgansiklovia. EBV ndiyo inayosumbua: ikiachwa inaweza kuleta uvimbe wa tezi, hata saratani. Ikipanda, mara nyingi daktari huanza kwa kupunguza takrolimasi. Daktari, si mzazi! Ukipunguza mwenyewe, mwili unaweza kulikataa ini.

Nyumbani niangalie nini?

Homa ya nyuzi 38 au zaidi, tezi shingoni, kukoroma kulikoanza ghafla, kuharisha, kupungua uzito, macho ya njano. Usikimbilie duka la dawa: erithromaisini, kwa mfano, hupandisha takrolimasi kwenye damu. Tetekuwanga ikiingia shuleni, piga simu hospitali siku hiyohiyo, usisubiri vipele.

Na chanjo?

Surua-rubela na matone ya polio ni chanjo hai, yaani zina virusi hai vilivyodhoofishwa. Asipewe kabla timu ya upandikizaji haijaruhusu. Waulize pia kuhusu matone ya mdogo wake.

Tunaondoka alfajiri. Nimpe dawa kabla ya kupanda gari?

Kama atapimwa kiwango cha takrolimasi, usimpe. Beba dozi ya asubuhi mkobani, ameze akishatolewa damu. Akiimeza mapema, kiwango kitaonekana kikubwa kuliko kilivyo.