Je, wajua? Karte grafiki inatoaje picha ya 4K yenye haikuchora yote?

Ingia mu sale yoyote ya gemu hapa Goma, Birere ama Himbi, hautakosa batu banabishana: ile ordinateri iko ya kawaida tu, sasa gemu ya 4K inatembea aje bila kukwama? Ni hesabu tu. Ekran ya 4K iko na piksele 3840 kwa 2160, ni kusema zaidi ya milioni 8, na karte inapaswa kuzipaka rangi zote hata mara 60 mu segonde moja, mivuli, taa, maji, yote. Njo mu 2018 NVIDIA ikaleta karte za RTX 20 na kitu kinaitwa DLSS: karte inaweza kuchora piksele milioni 2 tu, robo ya kazi, zenye zinabakia akili bandia inazijaza.

Utamu uko hapa. Picha ndogo ya WhatsApp ukiivuta inakuwa ukungu, juu hamuna kitu kingine ndani. Gemu haiko vile. Tangu DLSS 2 ya 2020 (ya kwanza, tuseme ukweli, ilikuwa inafifisha picha), kila picha kamera inasogezwa kidogo sana, chini ya piksele moja, jicho halioni, basi picha hii inakamata kenye ile ya mbele iliruka. Angalia waya ya umeme kwa mbali mu gemu: picha moja inaionyesha imekatika-katika, lakini ukikusanya kadhaa waya yote unaipata. Na gemu yenyewe inaambia karte kila kitu kimehamia wapi, gari imekata kuume, mutu ameinama, ili vipande vya zamani viwekwe pahali pake. Akili bandia, yenye ilifundishwa na picha za 16K (kubwa sana kupita 4K), inaamua kipande gani kibakie na gani kitupwe. Ikikosea, unaona gari inavuta mukia wa kivuli nyuma yake.

AMD, mushindani wa NVIDIA, nayo ilileta FSR, kitu yake ya kufanana na DLSS, mu 2021, bila akili bandia, inatembea hata kwa karte za zamani. Akili bandia iliingia na FSR 4 mu 2025.

Mu gemu unachagua mode, ni kusema karte ichore piksele ngapi. Kama ekran yako ni 1080p (piksele 1920 kwa 1080), uache mode Performance, itachora 960 kwa 540 tu, vipande ni vichache sana. Weka Qualité, yenye inachora piksele mingi zaidi.