Jino Lisilouma Ndilo la Kuziba

Mgonjwa akikaa kitini akaniambia, "Dokta, haliumi, nimekuja kuangalia tu," nafurahi kimoyomoyo. Huyo nina cha kumfanyia. Anayeingia ameshika shavu, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akasema "nizibie tu niwahi kazini," mara nyingi inanibidi nimwambie kuwa wakati wa kuziba umeshapita. Hapo ndipo tunapokosana, kwa sababu wengi wanaamini kinyume: jino likiuma ndiyo lizibwe, lisipouma liachwe. Nimeona niandike kwa kirefu, maana kliniki foleni ni ndefu, na mtu aliyeachama hawezi kuuliza maswali.

Uozo hauanzi na shimo. Juu ya meno kuna utando wa bakteria, ule unaousikia kwa ulimi asubuhi kabla hujapiga mswaki. Ukila sukari, bakteria nao wanakula, kisha wanatoa asidi. pH ya utando ule, yaani kipimo cha asidi ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi, ikifika chini ya 5.5 hivi, madini huanza kutoka kwenye enameli, gamba la nje la jino, ambalo ndilo kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Mate huipunguza nguvu asidi na kurudisha madini, lakini yanataka muda. Ndiyo maana anayekunywa soda yake na chakula cha mchana akaimaliza hanitishi sana. Ninayemhofia ni yule anayeiweka mezani na kuinywa funda mojamoja mpaka jioni. Kinywa chake hakipumziki.

Dalili ya kwanza ni doa jeupe lisilong'aa. Hilo halizibwi. Dawa ya meno yenye floraidi mara mbili kwa siku, ukimaliza uteme povu bila kusukutua kwa maji mengi, inaweza kulizuia lisiendelee na hata kulirudisha nyuma. Na kwa ndugu zangu wa Arusha na sehemu nyingine za kaskazini: yale madoa ya kahawia yaliyoota pamoja na meno yenu ya ukubwani siyo uozo. Ni floraidi iliyozidi kwenye maji mliyokunywa utotoni, na magadi ya kupikia huiongeza. Yanaweza kurekebishwa kwa ajili ya sura, lakini mtu akikuambia yote ni matundu ya kuziba, mwombe akuonyeshe tundu lenyewe kwenye kioo.

Enameli haina fahamu, kwa hiyo uozo ukiwa bado umo humo hutasikia kitu. Ukishaivuka unaingia kwenye dentini, ambayo ni laini zaidi, na hapo unatanuka kwa pembeni. Jino linakuwa kama kichuguu: mlango mdogo, vyumba vikubwa ndani. Mgonjwa anaona kidoa cheusi, mimi kwenye picha ya eksirei naona nusu ya gego imeliwa. Kisha siku moja anatafuna mahindi ya kuchoma, ukuta unamong'onyoka, na anaamini mahindi ndiyo yaliyomvunja jino.

Kufikia hapo jino linaanza kusema. Maji ya baridi au kitu kitamu kinachoma, halafu maumivu yanakwisha ndani ya sekunde chache. Hilo bado tunaweza kuliziba. Lakini maumivu yakibaki dakika kadhaa baada ya maji kumezwa, yakija yenyewe bila sababu, yakakuamsha usiku, jua kiini cha jino chenye mishipa ya damu na ya fahamu kimeshavimba. Kimefungiwa ndani ya kuta ngumu, hakina pa kutanukia. Nikiziba juu yake nitakuwa nimeficha tu tatizo, na usiku huohuo utanikumbuka vibaya. Jino hilo mara nyingi linataka matibabu ya mzizi: tunatoa kiini, tunasafisha mifereji, tunaijaza, kisha ndiyo tunaziba. Lisipofaa kwa hilo, linang'olewa. Vyote viwili vina gharama kuliko kuziba, kimoja kwa fedha na kingine kwa pengo.

Na wale wadudu wanaosemwa kuwa wanatoboa meno? Hakuna. Wapo wanaofukiza moshi wa mbegu kinywani kisha wanakuonyesha vitu vyeupe kwenye bakuli. Vile ni viini vya mbegu zenyewe.

Sasa tuseme umekuja mapema. Ganzi ni sindano moja. Nikiichoma polepole haiumi sana, na shimo dogo wakati mwingine haihitajiki kabisa. Kinachofuata ni kuondoa uozo, na hapa utaratibu umebadilika tangu enzi za walimu wetu. Zamani tulikwangua mpaka dentini ngumu kila mahali, na kwenye shimo refu tuliishia kukitoboa kiini kwa mikono yetu. Siku hizi, shimo likikaribia kiini, tunasafisha kingo zote mpaka zigonge ngumu, lakini sakafuni tunaacha dentini kidogo iliyolainika. Wagonjwa wakisikia hivyo wanashtuka: "Yaani unaniachia uozo ndani?" Ndiyo, kidogo, na kwa makusudi. Bakteria waliofungiwa chini ya ziba isiyovuja hawapati sukari, wanadhoofika, na kiini kinapata nafasi ya kujikinga. Yote yanategemea kingo. Ziba inayovuja pembeni haina maana hata ikiwa nzuri ya kupigia picha.

Ndiyo sababu swali la "dokta, ipi nzuri zaidi?" silijibu kabla sijaona mdomo wenyewe.

Ziba ya rangi ya jino, kompositi, ndiyo inayopendwa. Ni resini, aina ya plastiki, yenye chembechembe za kioo. Tunapaka asidi ya fosfori kwa sekunde chache ili enameli iwe na vishimo vidogo vya kushikia, tunaosha, tunakausha, tunapaka gundi, kisha tunaweka kompositi kwa tabaka za milimita 2 hivi, kila moja tukiigandisha kwa taa ya bluu. Ina adui mkubwa: unyevu. Mate au damu ya fizi ikigusa kabla ya gundi, kazi imeharibika, hata kama utatoka ukitabasamu. Ukiona nimekuwekea pamba mbili, mrija wa kufyonza, na kipande cha mpira kilichozunguka jino, nisamehe kwa usumbufu. Na ukiniona nakukatalia kompositi kwenye gego la mwisho ambalo shimo lake limeshuka chini ya fizi, sikunyimi kitu kizuri.

Hapo naweza kuchagua simenti ya aionoma ya kioo. Si imara kama kompositi na haing'ai vizuri, lakini inashikana na jino kikemia, inavumilia unyevu zaidi, na inatoa floraidi. Simenti hii ina historia inayotuhusu. Katikati ya miaka ya 1980 hapa Tanzania, katika mpango wa afya ya kinywa uliofanywa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walikabili tatizo linalojulikana na kila aliyefanya kazi kijijini: hakuna umeme, hakuna mashine ya kusagia, kwa hiyo kila jino bovu jibu lake ni koleo. Wakaanza kutoa uozo kwa vifaa vya mkono tu na kuziba kwa simenti inayoshikana na jino. Mbinu hiyo, inayoitwa ART, baadaye ikatumia aionoma ya kioo, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa dunia nzima. Mwaka 2021 aionoma ya kioo ikaingia kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu. Kwa shimo la upande mmoja inafanya kazi vizuri mno. Kwa shimo kubwa linaloshika pande mbili inachoka mapema. Kwa watoto ndiyo chaguo langu la kwanza, kwa sababu mtoto hasikii mlio wa mashine. Na tafadhali msiniambie "la utoto litang'oka tu." Magego ya utoto yanakaa mpaka miaka 10 hadi 12.

Ziba ya kijivu, amalgamu, karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Inadumu, hilo halina ubishi. Ila dunia inaiaga: Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulitaka ipunguzwe, na mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana isitumike kwa watoto walio chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari akiona ni lazima. Ikiwa unayo ya zamani na haijavuja wala kupasuka, iache. Kuichimbua kunatoa mvuke wa zebaki na kunakula sehemu ya jino iliyobaki salama.

Karafuu nayo isisahauliwe. Ile harufu ya kliniki ya meno ni yujenoli, inayotoka kwenye mafuta ya karafuu, ileile ya Pemba na Unguja. Tunaichanganya na unga wa oksidi ya zinki kuziba kwa muda na kutuliza jino. Shida yake ni kwamba inazuia kompositi isigande sawasawa, hivyo kama umekuwa ukilipaka jino mafuta ya karafuu nyumbani, sema. Sitagomba. Nitagomba ukiniambia umeweka aspirini iliyosagwa, maana hiyo inaunguza fizi na jino halipati nafuu.

Ukishazibwa, kompositi inatafuna siku hiyohiyo, ila ngoja ganzi iishe usije ukajiuma mdomo. Watoto hasa hujitafuna shavu bila kujua. Ukihisi jino linagusa kabla ya mengine, rudi tulipunguze. Ni kazi ya dakika chache kwa karatasi ya rangi na msasa, na ukiivumilia jino litauma kila ukitafuna. Baridi kuchoma kidogo wiki mbili za mwanzo ni kawaida. Maumivu yakianza kukuamsha usiku, usingoje wiki hizo ziishe.